Bibi Nezu Atupe Wapi Taka Zake?

Mshauri mpendwa,

Nisaidie kabla sijapasuka. Nakuandikia nikiwa na hasira, nimemkasirikia mwenyekiti wa mtaa wetu, nimeikasirikia ofisi ninayofanyia kazi, nimemkasirikia na mume wangu, na ukisoma hadi mwisho utaona kuwa anayestahili hasira kuliko wote hao bado sijamtaja, na ndiyo maana nimeshindwa kulimaliza jambo hili peke yangu.

Mimi ni karani wa halmashauri ya mji wetu, mji mdogo wa bondeni ambao vijana wake wameshakimbilia Tokyo na Nagoya na sisi tuliobaki tunajuana hadi rangi za miavuli, na huu ni mwaka wangu wa tatu katika dirisha la kuhudumia wakazi kwa mambo ya taka. Mtaani nako, kama unavyojua, kila mwaka nyumba moja hushika zamu ya ubalozi wa kikundi cha nyumba jirani, na mwaka huu zamu imeangukia kwetu. Kwa hiyo ni mimi ninayezungusha ubao wa matangazo nyumba kwa nyumba, ninayeita watu Jumapili ya kuzibua mitaro, na ninayeangalia kizimba cha taka kisichezewe na kunguru. Mume wangu aliandikishwa yeye kuwa balozi, lakini mambo haya yakishaandikwa jina la mume kazi anafanya mke, hilo nalo tuliache.

Mkutano wa mwaka wa chama cha mtaa ndiko balaa lilikoanzia. Kuna mjane mmoja, jina lake nimelibadilisha, nimwite Bibi Nezu, ana miaka themanini na moja na magoti yamemchakaa, anatembea kwa kuegemea kile kigari cha wazee cha kusukuma. Siku hiyo alisimama kwa shida akasema, "Naombeni radhi jamani. Mwaka ujao zamu inakuja kwangu na mimi sitaweza kupanda ule mteremko na ubao. Mniruke, tafadhali." Mwenyekiti wetu, nimwite Mzee Okitsu, akajibu huku anatabasamu, "Bibi, tukikuruka wewe, kesho tutaruka wangapi? Nusu ya humu ndani ni wazee. Hata mimi kiuno kinanisumbua." Watu wakacheka. Bibi Nezu naye akacheka, kisha akasema basi afadhali ajitoe kwenye chama asiwape watu usumbufu. Hakuna aliyemwambia asijitoe, mshauri. Aliinama, sote tukainama, tukapitisha chai na ajenda ya tamasha la kiangazi.

Wiki haikuisha Mzee Okitsu akanisimamisha njiani. "Balozi, aliyejitoa kwenye chama amejitoa na kwenye kizimba. Kizimba ni chetu. Wavu tulinunua wenyewe, ile saruji tulimwaga wenyewe." Nami namkumbuka vizuri mtu aliyekoroga saruji ile, alikuwa marehemu mume wa Bibi Nezu, na Bibi mwenyewe ndiye aliyetupikia siku ile, wali wa kufinyanga na figili za kuchachusha, lakini nilijibu "Ndiyo, Mzee," kwa sababu Mzee Okitsu kabla ya kustaafu alikuwa mkuu wa utumishi pale halmashauri, ndiye aliyenipokea siku yangu ya kwanza kazini, na binti yangu Chinatsu anataka kufanya mtihani wa kuajiriwa hapo hapo mwakani, na wote mjini wanajua kuwa simu ya Mzee Okitsu bado inapokelewa haraka.

Sasa sikiliza nilichofanya. Bibi Nezu alikuja ofisini, akachukua namba, akangoja, alipoitwa akaja dirishani kwangu na kigari chake. "Samahani afisa, nina swali la kijinga. Mtu asiyekuwa kwenye chama cha mtaa, taka zake azitupe wapi?" Mdomo wangu ukajibu kama tulivyofundishwa, kwamba halmashauri huchukua taka zilizowekwa kwenye vizimba, lakini nani atumie kizimba hilo ni suala la chama chenyewe, tafadhali aende akazungumze na balozi wa kikundi chake. "Kumbe," akasema, "balozi wa kikundi changu. Ahsante, afisa, poleni na kazi." Akainama akaondoka. Jumamosi yake nasikia hodi nyumbani, natoka, namkuta Bibi Nezu na mfuko wa mabiringanya ya bustanini kwake. "Mama Chinatsu, samahani kukusumbua siku ya mapumziko. Kuna afisa mmoja mpole kule halmashauri, amenishauri nije kumwona balozi."

Hata sijui nikuelezeje. Nilipokea mabiringanya, nikamwambia pole Bibi, sisi chama tunafuata utaratibu tu, suala la taka kisheria ni la halmashauri, ungewauliza wao. Akasema, "Basi nitarudi Jumatatu." Na Jumatatu akarudi kweli, akachukua namba tena, nikamjibu tena yale yale, na alipotoka bosi wangu, nimwite Terashima, akanigonga bega akasema, "Umejibu vizuri. Hukujifunga popote." Nikauliza, huyu bibi afanyeje sasa? "Si apeleke mwenyewe kiwandani." Kiwanda cha kuchomea taka kipo nyuma ya kilima na hupokea taka zinazoletwa kwa gari tu, na Bibi Nezu aliyekuwa akiendesha vizuri kabisa alirudisha leseni mwaka juzi kwa kuitikia kampeni yetu sisi wenyewe halmashauri ya kuwaomba wazee waache kuendesha, tukampa na cheti cha shukrani, na picha yake ikatoka kwenye jarida la mji.

Ijumaa moja asubuhi nilikuta mfuko wake ndani ya wavu. Ulikuwa umefungwa vizuri utadhani ni zawadi, jina limeandikwa kwa mkono mzuri wa zamani. Mzee Okitsu alikuwa amesimama pale, mikono nyuma. "Mbona hubandiki?" Nikabandika kile kibandiko chekundu cha kukataa, kisha akaniambia niurudishe mlangoni kwa mwenyewe, nikaurudisha, nikauacha mlangoni bila kupiga hodi, pale barazani penye mifuko mingine iliyokwisha kujaa, nikatembea haraka mpaka kona.

Nilidhani hapo ndipo nilipofika chini kabisa, kumbe bado. Juzi nimekutana naye dukani na kapu lake lina kabichi nusu na basi. Nikamwambia kwa kuchangamka kwa uongo, "Bibi, samaki leo ni wazuri sana, makareli, wametoka baharini asubuhi." Akasema, "Siku hizi sinunui samaki, mama. Miiba inanuka na sina pa kuipeleka. Tikiti nalo nimeacha, maganda mengi. Ukizoea, mtu mmoja hana taka nyingi." Akacheka kidogo. Mkono ulioshika kapu umekonda, mshauri, saa imezunguka mpaka chini ya kifundo. Mtu amepunguza chakula chake ili asiwe na cha kutupa, katika mji ambao mimi ndiye ninayeandika kijitabu cha namna ya kutenganisha taka, na mimi ndiye balozi wake.

Nikamweleza mume wangu, nikalia. Akaniambia huku akitazama besiboli, "Wewe ngoja Machi tu. Bibi ameshajitoa, kwa hiyo ubalozi unahamia kwa akina Sugaya. Aprili uhamisho wa ofisini unatoka, umeshakaa miaka mitatu, lazima wakuhamishe. Utakuwa huru huku na huku. Ya nini kugombana na Okitsu kwa miezi michache?" Na kinachoniuma ni kwamba anayosema ni kweli tupu. Ikifika Aprili hakuna atakayeniuliza.

Sasa naomba unijibu mambo mawili. La kwanza, je, ningoje, au nijitose niharibu mambo ya mwanangu na amani ya mtaa? La pili, hili linanikosesha raha zaidi: Bibi Nezu ananijua tangu nilipoletwa hapa nikiwa bibi harusi, na bado dirishani aliniita afisa, mlangoni akaniita Mama Chinatsu, hakusema hata mara moja "Lakini si ni wewe yule?" Je, uzee umemchanganya asinitambue, au alinitambua?

Mimi,
Mwenye Dirisha

*

Mshauri anajibu:

Mwenye Dirisha,

Barua yako imenikuta nikila chakula cha mchana, na chakula chenyewe ni makareli. Nimeweka vijiti vya kulia chini. Kwa hiyo ukiona nina ukali kidogo, jua kuwa ukali huo una njaa ndani yake.

Nianze na pole, kwa sababu pole unastahili. Mimi pia niliolewa katika mtaa wa namna hiyo. Nimezoa tope la mitaro nikiwa na mimba ya miezi saba kwa kuogopa macho ya jirani, na ninajua kwamba mtu anayeishi mtaani hapo mpaka kufa hawezi kumjibu mwenyekiti kama anavyojibu mpita njia. Woga wako si wa kubuni. Na umeandika bila kujipamba, wengi wakiniandikia hujipaka poda kwanza.

Pole imeishia hapo.

Umemtuma bibi wa miaka themanini na moja kutoka kwako kwenda kwako. Halafu kutoka kwako kurudi kwako tena. Na katikati ukapokea mabiringanya. Uliyala? Bila shaka uliyala, kwa sababu kuyatupa ungehitaji kizimba. Katika ofisi za nchi hii nimewahi kurushwa kutoka dirisha hadi dirisha, ghorofa hadi ghorofa, lakini sijawahi kusikia mtu mmoja aliyeweza kuwa madirisha yote mawili. Na bosi wako akakusifu kwa kutojifunga popote. Mwambie Bwana Terashima kutoka kwangu kwamba mtu asiyejifunga popote hana anachokishikilia, na mshahara wake unalipwa ili ashikilie kitu.

Unataka kujua kama alikutambua. Mwenye Dirisha, alikutambua kabla hujaita namba yake. Mtu anayejua mapema kuwa magoti yake yatashindwa mteremko mwaka ujao hajachanganyikiwa. Alikuja dirishani akakuita afisa ili ujibu kama afisa. Hukujibu. Akaja mlangoni akakuita kwa jina la mwanao ili ujibu kama jirani, tena akakusifia yule "afisa mpole" usoni pako, akakuachia nafasi ya kusema "Bibi, nisamehe, ni mimi." Hukusema. Jumatatu akarudi akakupa nafasi nyingine. Alikuwa anakusitiri, na wewe ukadhani ni uzee. Mimi ningekuwa yeye ningekumwagia yale mabiringanya kichwani, lakini yeye ana adabu kuliko mimi na wewe.

Sasa kuhusu huo uhuru wako wa Aprili. Japani nzima inaishi kwa kungoja Aprili. Ukienda na shida mwezi wa Februari unaambiwa subiri mhusika mpya, ukienda Mei mhusika mpya anakwambia ndiyo kwanza nimefika, sijui lolote, naomba radhi. Watumishi wanahamishwa, mabalozi wanabadilishana zamu, mameya wanaondoka, na kila mmoja anatoka na mikono safi. Bibi Nezu yeye hahamishwi. Aprili ikimkuta, itamkuta katika nyumba ile ile, na mifuko ile ile barazani, kama bado anakula. Unaniambia kwa sauti ya kushukuru kwamba Aprili hakuna atakayekuuliza. Ndiyo sababu nakuuliza mimi, sasa.

Nisikilize vizuri, wewe ndiye mtu pekee katika mji huo mwenye funguo zote mbili, na unazihesabu kuwa minyororo. Machi unayoingoja kama siku ya kufunguliwa ndiyo siku utakayonyang'anywa nguvu ya kufanya lolote.

Ofisini uanze hivi. Sheria ya taka unayoitaja kwa watu imeipa halmashauri kazi ya kuchukua taka za majumbani. Haijasema taka za wanachama. Chama cha mtaa ni cha hiari, mtu huingia na hutoka, na kutoka kwake hakumfanyi aache kuwa mkazi. Nenda kwa Terashima, useme kwa sauti ya kusikika na wenzako, "Nilimjibu mkazi vibaya, mara mbili, nataka tumjibu upya." Kisha peleka pendekezo la kuwachukulia taka mlangoni wazee wasioweza kubeba. Si jambo la ajabu, miji kibao inafanya, na gari lenu bila shaka linapita karibu na nyumba yake likienda kizimbani. Akikwambia bajeti, mwambie ni kusimama tu. Akikwambia tusubiri Aprili, nenda ghorofa ya juu, na huko wakikukwepa, kuna diwani mmoja angalau katika kila mji anayetafuta cha kuuliza kwenye baraza la madiwani. Mpe hilo.

Mtaani, kibandiko chekundu hukibandiki tena. Ukiamriwa, kirudishe mkononi mwa Mzee Okitsu, abandike mwenyewe, kwa mkono wake, kwenye mfuko wa mke wa mtu aliyemkorogea saruji. Na kwa kuwa wewe ni balozi, au mumeo ndiye balozi kwenye karatasi, una haki ya kuleta ajenda mkutanoni. Ilete hii: mwenye magoti mabovu arukwe zamu na abaki mwanachama. Okitsu atasema tukimruka mmoja tutaruka wengi. Mjibu, ndiyo Mzee, na wa pili utakuwa wewe, si ulisema kiuno kinakusumbua? Utashangaa ni wazee wangapi humo ndani wanaongoja mtu aseme hivyo, kwa sababu kila aliyecheka siku ile alikuwa akipiga hesabu ya zamu yake mwenyewe.

Mumeo azime besiboli abebe mfuko mmoja. Jina lililoandikwa kwenye ubalozi ni lake.

Na Chinatsu? Mama, hofu hiyo naielewa kuliko zote. Lakini mtazame binti yako. Anataka kuingia ofisi ile ili baadaye akae dirishani kama wewe, ajibu kama wewe, na jioni alie kama wewe. Kama kazi yake itapatikana kwa sharti kwamba bibi jirani asile samaki, basi mtafutie kazi nyingine, na umweleze sababu. Afadhali akukasirikie kwa hilo sasa kuliko akuelewe vizuri sana baadaye.

Lakini hayo yote, ya ofisi na ya mkutano, yanachukua muda, na mifuko iko barazani leo. Kwa hiyo siku ya kwanza ya kutoa taka za kuchomwa baada ya kusoma haya, toka asubuhi. Usitoke alfajiri kabla watu hawajaamka, huo ungekuwa ni wizi wa wema. Toka saa ile majirani wako kizimbani na Mzee Okitsu amesimama pale na mikono yake nyuma. Panda mpaka kwa Bibi Nezu, umwombe mifuko yote, ya zamani na ya jana, uteremke nayo mbele ya watu, uiingize ndani ya wavu. Mtu akikuuliza ni taka za nani, sema ni za mkazi wa mji huu. Usiongeze neno.

Na kabla ya mifuko kuna mlango. Safari hii piga hodi, usiache kitu ukakimbilia kona. Akifungua, usimwambie umetumwa na halmashauri, wala usimwambie umekuja kama balozi. Inama mpaka chini, na utaje jina lako.